Maji Yakitiririka Hukatizwi: Hotuba za Mahakamani kutoka Athens hadi Kapenguria na Kampala



Ndugu msomaji, katika mdahalo wetu wa muhula uliopita mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alisimama kutetea upande ambao ukumbi mzima haukuupenda. Hakumaliza dakika mbili. Watu walipiga meza, wakazomea, na mwenyekiti akamwambia akae. Akakaa. Tulipotoka nje niliwasikia wengine wakisema kijana yule hajui kuzungumza. Mimi sikujua kama anajua au hajui, maana sikumsikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za ufasaha wa kale wa Wayunani, somo ambalo wengi wetu hulipita haraka kwa sababu linaonekana ni la watu wa mbali na wa zamani mno. Nilitaka kujua walizungumzaje. Nilichokipata kikanishughulisha zaidi kuliko mbinu zao: walimsikilizaje aliyesimama mbele yao. Na swali hilo lilinivusha Mlima Masaba hadi Kapenguria, kisha likanirudisha Kampala.

Mahakama isiyo na wakili

Athens ya karne ya tano na ya nne kabla ya Nabii Isa (a.s.) haikuwa na mawakili kama tunavyowajua leo, wala mwendesha mashtaka wa serikali. Raia aliyeona kosa alilipeleka mwenyewe mahakamani, na aliyeshtakiwa alisimama mwenyewe kujibu. Jaji wa kuwafafanulia watu sheria hakuwepo. Walikuwepo waamuzi wa kura: 201 katika shauri dogo la mali, 501 katika mashauri mengi ya umma, na mara nyingine zaidi ya hapo. Hao walipatikana kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wanaume raia 6,000 waliotimiza miaka 30 na kula kiapo cha mwaka. Katika siku zake Pericles alianzisha posho yao, ikaja kufika oboli tatu kwa siku, ili hata mtu maskini aweze kuacha kazi yake akaketi kuhukumu. Hotuba zikiisha walipiga kura papo hapo, bila kujadiliana.

Tafakari maana yake. Mkulima aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba anasimama mbele ya watu mia mbili, hana wa kumsemea, na maneno yake ndiyo silaha yake pekee. Ndiyo maana ufasaha ulikuwa kwao jambo la riziki na uhai kabla haujawa somo la darasani.

Muda nao ulipimwa kwa maji. Mtungi wenye tundu karibu na kitako ulijazwa, kizibo kikatolewa, na mzungumzaji akasema hadi maji yaishe. Katika mashauri ya watu binafsi tundu lilizibwa wakati sheria au ushahidi ukisomwa, ili maji ya mtu yasipotee bure. Kila upande ulipewa kipimo sawa. Waamuzi walipiga kelele, walicheka, walinung'unika. Maandishi yaliyobaki yamejaa wasemaji wanaowasihi watulie. Lakini maji yalikuwa maji. Tajiri hakupata mtungi mkubwa kuliko maskini.

Demosthenes, anayetajwa kuwa msemaji mkubwa kuliko wote wa mji ule, alianzia hapo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na walezi wakaifuja mali ya yatima. Alipofikia utu uzima aliwashtaki, akasimama mwenyewe akiwa kijana wa miaka kama ishirini hivi, akashinda, ingawa mali aliyoirudisha ilikuwa kidogo. Kutoka mahakamani alipanda hadi kwenye baraza la wananchi juu ya kilima cha Pnyx, ambako mpiga mbiu aliuliza nani anataka kusema, na raia yeyote aliweza kujitokeza. Huko aliwaonya watu wake miaka mingi juu ya Mfalme Philip wa Makedonia. Mwaka 330 kabla ya Nabii Isa, Philip akiwa amekwisha kushinda na kufa, hasimu wake Aeschines alipinga mahakamani Demosthenes kuvishwa taji la heshima. Aeschines hakupata hata moja ya tano ya kura, akauhama mji. Zingatia: Demosthenes alikuwa mtu ambaye siasa yake ilishindwa vitani, na bado watu wa mji wake walimsikiliza akieleza kwa nini ilikuwa sahihi kupigana.

Ulimi wa kuazima

Asiyeweza kupanga hoja alimlipa mtu amwandikie hotuba, akaikariri. Lysias alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni, mwana wa familia iliyotoka Syracuse, hana haki ya kupiga kura, lakini aliwaandikia wengi. Sifa yake ni kwamba hotuba ya kila mteja ilifanana na mteja: mzee alisikika mzee, mtu wa kawaida alisikika mtu wa kawaida. Nduguye Polemarchus aliuawa na watawala thelathini walioushika mji mwaka 404, na utawala huo ulipoanguka Lysias akaandika hotuba ya kumshtaki mmoja wao.

Je, kuazima ulimi wa mwingine kuna ubaya? Sisi tunajua kutoka Suratul Qasas kwamba Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola amtume Harun pamoja naye kwa kuwa ulimi wake ulikuwa fasaha zaidi. Kuomba msaada wa kusema haki si aibu. Hatari iko kwingine, na imetajwa wazi katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba yeye ni mwanadamu, watu humletea mashauri yao, na huenda mmoja akawa hodari wa kutoa hoja kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa alichokisikia. Basi aliyekatiwa haki ya nduguye kwa njia hiyo asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Kila mwanafunzi wa sheria miongoni mwetu angefaa kuisoma hadithi hiyo kabla ya kuvaa joho. Mzigo umewekwa juu ya mwenye ulimi. Hakimu ameelezwa kuwa binadamu anayehukumu kwa masikio yake.

Wayunani wenyewe waliiona hatari hiyo. Aristotle aliandika kitabu kizima juu ya ufasaha, na kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu, wanazuoni wetu al-Farabi, Ibn Sina na Ibn Rushd wakakifanyia kazi kwa jina la al-Khataba. Aliligawa somo kwa kumtazama msikilizaji. Msikilizaji wa baraza huamua juu ya yajayo: lenye manufaa ni lipi, lenye madhara ni lipi. Msikilizaji wa mahakamani huamua juu ya yaliyopita: nani alitenda, na je, ilikuwa haki? Msikilizaji wa sherehe hutazama ya sasa, yanayostahili sifa au lawama. Shika mgawanyo huo, tutauhitaji tukifika Kapenguria.

Nisiupambe mji ule kupita kiasi. Mwanamke wa Athens hakuweza kusimama mahakamani kujitetea. Mwanamume wake alimsemea. Ushahidi wa mtumwa kwa kawaida haukukubaliwa ila uwe umetolewa kwa mateso, jambo la kuchukiza na la kijinga pia. Na mwaka 399, mahakama hiyohiyo ya wananchi ilimhukumu Socrates kifo akiwa na miaka 70. Kwa mujibu wa Plato, lau kura thelathini tu zingehamia upande wa pili angeachiwa. Sheria ilimpa nafasi ya kupendekeza adhabu mbadala; kwanza alisema anastahili kulishwa kwa gharama ya mji kama washindi wa michezo, ndipo baadaye akataja faini. Hakuwabembeleza. Walimwua, lakini walimwacha amalize, na mpaka leo tunajua alichosema.

Kapenguria, upande wa pili wa mlima

Ukitoka Mbale ukapanda Kapchorwa, ukavuka mpaka Suam, unashuka Kitale. Kaskazini yake, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, ndiyo Kapenguria. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, baada ya kutangazwa hali ya hatari nchini Kenya, Jomo Kenyatta alikamatwa pamoja na wengine wengi. Yeye na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Kesi haikusikilizwa Nairobi, mbele ya macho ya watu. Ilipelekwa Kapenguria, katika eneo lililofungwa ambako kuingia kulihitaji kibali, mahali pasipo hata hoteli. Wakili wao mkuu, Mwingereza D. N. Pritt, alilala Kitale na kusafiri kila siku.

Hebu linganisha na Athens. Kule mahakama ilijaa mamia ya raia waliopatikana kwa bahati nasibu. Hapa mwamuzi alikuwa mmoja, Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, ambaye ilikuja kujulikana alilipwa na serikali paundi 20,000. Shahidi muhimu wa mashtaka, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa malipo. Akafungwa kwa kiapo hicho cha pili. Pritt alipowapelekea wabunge wa Uingereza simu ya maandishi kulalamikia mwenendo wa kesi, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, ila akashinda.

Palikuwa na jambo jingine ambalo Demosthenes hakulijua: lugha. Tarehe 24 Agosti 1952 Kenyatta alihutubia mkutano mkubwa sana Kiambu, akailaani Mau Mau kwa Kikuyu, kwa msemo wa laana wa wazee unaotaja mizizi ya mti wa mikongoe. Mahakamani upande wa mashtaka ukadai hakuilaani kwa dhati. Mkalimani wa mwanzo, Louis Leakey, alipingwa na mawakili wa utetezi kwamba ana upande, akajiondoa. Kwa hiyo mtu alihukumiwa, pamoja na mengine, kwa hotuba ambayo mwamuzi hakuielewa katika lugha iliyotolewa. Sisi tunaoishi kwa Kiingereza darasani, Lusoga sokoni, Lugisu nyumbani na Kiswahili safarini tunajua ni kiasi gani cha maana hubaki njiani katika ukalimani.

Hukumu ilisomwa tarehe 8 Aprili 1953. Kabla ya adhabu kutolewa Kenyatta alisema kwa niaba ya wote sita. Hakuomba huruma. Alieleza kwamba hawakubali kuwa wana hatia, hawaoni kwamba wametendewa haki, na kwamba walichokifanya ni kudai haki za Waafrika na kupinga ubaguzi wa rangi. Wakapewa miaka saba na kazi ngumu.

Sasa rudi kwa Aristotle. Mahakama ilimwuliza Kenyatta juu ya yaliyopita: ulitenda au hukutenda? Yeye akajibu juu ya yajayo. Mikutano ya hadhara ilikuwa imekatazwa, magazeti ya Waafrika yamefungwa, Pnyx hapakuwepo. Kizimba ndicho kilichobaki kuwa jukwaa. Aligeuza hotuba ya mahakamani kuwa hotuba ya baraza, akijua kwamba msikilizaji wake hakuwa Thacker hata kidogo. Alipoteza kesi. Agosti 1961 aliachiwa huru, na Juni 1963 akawa Waziri Mkuu.

Wengi huishia hapo wakipiga makofi. Mimi naomba tumtazame mshtakiwa mwingine, Achieng Oneko. Katika rufaa yeye alishinda. Hatia yake ikafutwa. Hakuenda nyumbani. Aliwekwa kizuizini bila kesi mpaka 1961. Baada ya uhuru akawa waziri wa habari, kisha akamfuata Oginga Odinga upinzani. Oktoba 1969, baada ya maafa ya Kisumu, aliwekwa tena kizuizini, safari hii na serikali ya Kenyatta, mwenzake wa kizimba kimoja, akatoka 1975. Kaggia naye alifungwa 1968 kwa kuhutubia mkutano usio na kibali. Aliyenyimwa masikio Kapenguria alikuja kuwanyima wengine, tena kwa njia kali zaidi: Oneko wa 1969 hakupelekwa hata mbele ya Thacker.

Abu Mayanja: ushindi usiofungua mlango

Hapa nyumbani tunaye Abubaker Kakyama Mayanja, Mwislamu, mwanasheria, na kwa ushuhuda wa rafiki na hasimu mmoja wa wasemaji hodari wa kizazi chake. Akiwa bado mwanafunzi Makerere, mwaka 1952, alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress, chama alichokianzisha Ignatius Musaazi. Mwaka huohuo alifukuzwa chuoni kwa mgomo wa chakula. (Naandika hili bila kumshauri mtu yeyote lolote kuhusu kantini yetu.) Akaenda kusoma Cambridge.

Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilileta mapendekezo ya katiba mpya. Mayanja alikuwa mbunge wa upande wa serikali, lakini aliyapinga Bungeni na katika kurasa za jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mamlaka mengi mno yanarundikwa kwa Rais mmoja. Katiba ikapita Septemba 1967. Mwaka uliofuata aliandika barua katika jarida hilohilo kujibu makala iliyotaka majaji wafuate itikadi ya serikali, na ndani yake akagusia uvumi kwamba kucheleweshwa kuteuliwa kwa Waafrika wa Uganda kuwa majaji wa Mahakama Kuu kulikuwa na sababu za kikabila. Oktoba 1968 yeye na Neogy walikamatwa, wakashtakiwa kwa uchochezi.

Mapema mwaka 1969 kesi ikaamuliwa. Hoja zilisikilizwa, na hakimu akawaachia wote wawili. Kwa kipimo cha Athens habari ingeishia hapo: kura zimehesabiwa, mtu akapokewa na jamaa zake. Lakini walirudishwa kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji shtaka wala shahidi. Neogy alitoka mwezi Machi. Mayanja alikaa mpaka 1970.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Tunafundishwa kwamba adui wa msemaji ni hakimu mwenye chuki au umati unaozomea. Socrates alikutana nao, Kenyatta alikutana na wa kwanza. Lakini mbele ya hakimu mwenye chuki bado unasema, na maneno yako yanaandikwa. Mayanja alikuwa na ulimi, sheria na hakimu aliyesikiliza, akashinda, na ushindi wake haukufungua mlango hata mmoja, kwa kuwa wenye ufunguo hawakuwa ukumbini. Kizuizi bila kesi hakimshindi msemaji kwa hoja. Kinauondoa mtungi wa maji.

Mwadilifu ataongeza kwamba Mayanja mwenyewe alikubali kuwa waziri wa elimu katika baraza la kwanza la Idi Amin mwaka 1971, utawala ambao haukuchukua muda kuonesha unavyothamini maneno na mahakama. Baadaye, chini ya Rais Museveni, alisimamia wizara ya sheria. Alifariki Novemba 2005. Maisha ya mtu si hotuba yake moja, wala hotuba yake nzuri haitakasi kila alichofanya.

Waliotunga Katiba ya Uganda ya 1995 waliyakumbuka mambo haya. Isomeni ibara ya 44, ni fupi. Inataja mambo manne yasiyoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, na amri ya mahakama ya kumleta aliyefungwa mbele yake. Mawili ya mwisho ni mtungi wa Athens ulioandikwa kwa lugha ya wanasheria. Kama yanatekelezwa, hilo ni suala la kuuliza kila mwaka, na wanafunzi wa sheria wanajua pa kutafuta jibu.

Kwa halaqa ya juma lijalo

Tutafanya zoezi. Tumetafuta vidumu viwili vya lita tano na kuvitoboa kwa msumari wa kipimo kimoja karibu na kitako. Tumejaribu nyuma ya bweni, navyo vinakwisha kwa muda ule ule, tofauti ni sekunde chache. Kila upande utapewa kidumu kimoja kilichojaa. Mwenyekiti hatakuwa na uwezo wa kumkalisha mtu maji yakiwa bado yanatoka. Ukisoma aya au kifungu cha sheria, tundu litazibwa kwa kidole. Kura ni papo hapo, bila mashauriano, kwa punje za mahindi na maharage katika mtungi uliofunikwa.

Kabla ya kuja, kila mmoja aandike nusu ukurasa kujibu mawili haya. Kwanza, je, hotuba ya Kenyatta ya 8 Aprili 1953 ingemfaa zaidi kama angemlenga hakimu kuliko watu wa nje? Pili, mwanasheria aliyeajiriwa na serikali mwaka 1969, akiambiwa atayarishe hati ya kumrudisha kizuizini mtu aliyeachiwa na mahakama, afanye nini asubuhi ile?

Mada ya mdahalo ni ileile iliyovurugika muhula uliopita. Nimezungumza na mwenzetu wa mwaka wa pili, amekubali kuja, na hajabadilisha upande. Yeye ndiye atakayeanza.